Gari Lililosafiri Hatua Kumi na Mbili

Sogeeni, enyi waungwana mlioketi na mliosimama, zimeni simu zenu, niwasimulie vita vya Fundi Kiganja, simba wa kikwangulio, mchongaji wa magari yasiyojua barabara, siku aliyopambana na mlango.

Miaka miwili shujaa huyu alijifungia katika chumba cha siri cha kiwanda, akichonga kwa udongo gari la mfano, zima, kwa ukubwa wake kamili, na miaka miwili mkewe alimuuliza anafanya nini huko, naye akajibu, "Kazi." Kisha mkurugenzi akatoa hukumu: gari hilo halitatengenezwa, na udongo ubomolewe saa sita mchana. Kiganja akaomba jambo moja tu, litolewe uani mkewe alione. Akakubaliwa. Mama wa watu akaja, akasubiri juani na mkoba wake.

Mashujaa wanane wakalisukuma. Likakwama.

Kumbe kila asubuhi bingwa wetu, kwa mapenzi yake, alikuwa akiliongeza gari nyonga, leo unywele, kesho unywele, hata likaushinda mlango upana kwa vidole viwili. Na hakuna aliyepima, kwani nani humpima kipenzi chake?

"Kata udongo," akasema seremala wa kiwanda.

"Ndugu yangu seremala," akanena Kiganja, mkono kifuani, "nyonga hizi nimezilea kama wanangu. Ng'oa mwimo wa mlango."

"Mwimo unataka barua ya ofisi, mzee wangu. Na sasa ni saa tano na nusu."

Ewe kikwangulio, shuhudia. Shujaa alipiga magoti, akakwangua ubavu wa kushoto, udongo ukamwangukia viatuni, na sitawaficha, alilia. Seremala akajifanya anakagua dari. Ubavu wa kulia haukuguswa.

Gari likapenya, likaenda hatua kumi na mbili, likapigwa na jua kwa mara ya kwanza. Kiganja akamshika mkewe mkono, akamsimamisha upande wa kulia.

Mama akatazama sana. Kisha, kama wake wote wa mashujaa, akazunguka upande wa pili.

"Na huku kumefanyaje?"

"Huku kumepita mlangoni."

Akapapasa pale palipokwanguliwa, taratibu.

"Ni zuri, baba watoto. Sasa nimejua ulikuwa wapi."

Basi na iandikwe katika historia za mataifa kwamba saa sita kasoro dakika nane, gari lisilouzwa wala kuendeshwa lilisifiwa na mtu mmoja, na Fundi Kiganja akaingia ndani kuchukua koti lake, mshindi.