Kuku Spesho Kwenye Boti ya Kigoma

Leo nimepatikana. Tena mbele ya mama mkwe. Tena nikiwa na paja la kuku mkononi.

Nawaandikia kutoka Kigoma, kwenye chumba cha intaneti ambacho kompyuta zake herufi zimefutika, kwa hiyo mkiona nimekosea msinirekebishe. Leo nimesharekebishwa vya kutosha.

Nianze mwanzo. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anaweka nadhiri za utawa huku Kigoma Jumapili hii. Mke wangu ana ujauzito mkubwa, barabara yetu ile hawezi kuisafiri. Mimi ndiye nikapewa kazi ya kumsindikiza mama. Mnanijua: mtoto wa Kisukuma, baba alishuka Rukwa na ng'ombe zake, mimi nikaishia Chanji, pale Sumbawanga mjini, na kiduka cha sabuni na betri. Mama mkwe ni Mfipa wa shamba, nje kidogo ya Sumbawanga. Mahindi, ulezi, maharage na kanisa. Siku ile nilipopeleka posa hakusema neno baya. Aliuliza tu kama watu wa kwetu wana kawaida ya kukaa sehemu moja muda mrefu.

Basi mke wangu akaniambia mlangoni, "Hii ndiyo safari ya mama kukujua. Usiniharibie."

"Nitaharibu nini? Ni safari tu."

(Msiniangalie hivyo.)

Jana tumeshinda kwenye basi kutoka Sumbawanga hadi Kirando. Vumbi! Nilifika nina rangi ya tofali. Mizigo ya mama ilikuwa gunia la maharage, ndoo ya unga wa ulezi na mablanketi, vyote vya masista, na picha kubwa ya Bikira Maria yenye kioo. Kioo hakiwezi kupanda juu ya basi. Nani alikipakata njia nzima, mashimo yote, mteremko wote mpaka ziwani? Mkwe. Tukalala kwa ndugu yao Kirando, chumba kimoja na magunia ya dagaa. Mbu wakanifanyia ibada. Mama alilala vizuri, asante Mungu.

Alfajiri tukapanda boti.

Mnajua siku hizi kila tajiri ana boti yake, na kila boti ina mbwembwe zake. Hii yetu ni mpya, ina ghorofa. Chini, tiketi yako ni pamoja na chakula: wali na maharage kwenye sahani ya plastiki. Juu kuna chumba cha kulia cha kulipia zaidi. Ndicho kile mlichokuwa mnakibishania humu jukwaani wiki iliyopita, wengine mkisema ni hoteli kamili, wengine mkisema ni wizi wenye pazia. Mimi wakati ule sikuchangia. Leo nachangia.

Tulipata nafasi chini, kwenye benchi karibu na injini. Upande huu mama na rozari yake. Upande huu jamaa na jogoo wawili waliofungwa miguu. Miguuni maharage. Mapajani Bikira Maria. Injini inakutikisa mpaka meno. Nikapiga hesabu ya jua na safari, nikajua sifiki nikiwa mzima. Nikaangalia ngazi. Nikaona pazia jekundu linapepea kule juu. Jamani, sikuwa na njaa kiasi hicho. Nilikuwa nimechoka tu. Nilitaka kukaa kwenye kiti chenye mgongo, mtu aniulize nataka nini.

Ningemchukua na mama? Niliwaza. Nikajiambia, mama hajazoea mambo ya uma na kisu, atajisikia vibaya. (Nilikuwa namwonea huruma, mnaona. Roho yangu nzuri.)

Sasa unamwambiaje mama mkwe kwamba unakwenda kula vizuri peke yako? Humwambii. Nikashika tumbo.

"Mama, mawimbi haya yamenivuruga. Ngoja nipande juu nipate hewa. Nadhani hata chakula leo sitakigusa."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa. "Pole, baba. Nenda kapumzike. Hiyo picha nipe mimi."

Nikampa picha. Nikapanda ngazi kwa unyonge, mkono tumboni, mpaka kona. Baada ya kona nikapona.

Huko juu! Zulia. Maua ya plastiki. Televisheni inaonyesha watu wanacheza muziki bila sauti. Nikalipa nyongeza, nikavuta kiti. Mhudumu akaja, kijana wa Kigoma, amefunga tai ya kipepeo, akainama.

"Karibu, mheshimiwa. Utapenda nini?"

Mheshimiwa! Mimi! Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa hivyo isipokuwa na watu wa ushuru wakitaka kitu. Nikachukua karatasi ya vyakula, nikaisoma taratibu kama mtu anayeijua. Kuku Spesho na Chipsi. Samaki Spesho na Chipsi. Nikaagiza kuku.

Meza hiyo hiyo alikaa mzee mmoja mnene, mnunuzi wa mahindi kutoka Laela, kofia kichwani, simu mbili mezani. Nikamwamkia. Akaniuliza nafanya shughuli gani.

"Biashara," nikasema.

"Ya nini?"

"Mchanganyiko." (Sabuni na betri si mchanganyiko?)

Tukasubiri. Boti ikatia nanga kijiji cha kwanza, ikashusha watu, ikaondoka. Tukasubiri. Mzee akaanza kugonga meza kwa uma. Mimi nikagonga kidogo pia, nisionekane mgeni. Harufu ya maharage ya chini ikawa inapanda ngazi, nikajikaza. Mwishowe nikamwita yule mhudumu. Tai imelegea, jasho linamtoka.

"Samahanini sana waheshimiwa. Mpishi alishuka pale kununua vitunguu, boti ikamwacha."

"Imemwacha mpishi?" mzee akasema.

"Imemwacha. Lakini msiwe na wasiwasi, tumepata mama mmoja huko chini, amejitolea kusaidia. Anapika sasa hivi."

(Hapa mtu mwenye akili zake angeuliza, mama gani? Mimi nikauliza kama kuna pilipili.)

Chakula kikaja. Kuku, niseme ukweli, alikuwa kuku. Amekaangwa vizuri, amekolea chumvi, nimekula kuku wengi sijakutana na kama yule. Lakini zile chipsi. Ndugu zangu, zile hazikuwa chipsi. Vilikuwa viazi vizima vizima, vimechemshwa na kabichi na nyanya, vina mchuzi, vimepakuliwa kama kilima. Ukiviona tu unatafuta mkeka ukae.

Mzee wa Laela akavitazama. "Ndicho tulicholipia hiki?"

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaitwa mheshimiwa. Kichwa kilikuwa kimejaa. Uchovu wa siku mbili ukanipanda, vumbi, mbu, jogoo, yote nikaona mwenye kosa ni hiki kiazi. Nikamwita mhudumu kwa sauti, chumba kizima kikageuka.

"Ndugu yangu, nimeagiza chipsi. Hii ni nini?"

"Ni viazi, mheshimiwa."

"Hivi ni viazi vya msibani! Huyu mpishi wenu anadhani tumefiwa?"

Watu wakacheka. Mzee wa Laela akacheka mpaka kofia ikahama. Hakuna kitu kibaya duniani kama kuchekesha watu ukiwa umechoka, hujui pa kusimama. Nikaendelea.

"Mwite aje hapa! Aje atuambie marehemu ni nani!"

"Mheshimiwa, yule mama ametusaidia tu..."

"Mwite!"

Akaenda. Mimi nikachukua paja la kuku, nikaegemea nyuma ya kiti, nikasubiri kama hakimu.

Nikasikia kandambili zinapanda ngazi. Pole pole. Nilizijua hizo kandambili. Nimezifuata siku mbili. Nikataka kuweka paja chini, mkono ukakataa.

Pazia likafunguka.

Mama mkwe. Kanga imefungwa kiunoni kwa kazi, uso unang'aa kwa mvuke wa jiko. Mkononi ameshika kikombe cha bati kilichofunikwa na kisosi, anakilinda kisimwagike.

Hakuniona mara moja. Akawasalimia watu wote kwa adabu, halafu akamwambia mhudumu, "Nimekuja, lakini naomba kwanza unionyeshe wagonjwa wanapolala. Nina mkwe wangu yuko huku juu, tumbo linamsumbua, hajala tangu jana usiku. Nimemkorogea uji wa ulezi."

Jamani.

Uji. Ule unga wa masista, aliufungua kwa ajili yangu.

Nikafikiria kuingia chini ya meza. Nikafikiria ziwa. Ziwa lile ni refu kwenda chini, mtu hapatikani. Lakini yule mzee wa Laela, Mungu amsamehe, akaninyooshea kidole kwa furaha.

"Mama, aliyekuita ni huyu hapa! Anasema viazi vyako ni vya msibani, anataka kujua marehemu ni nani!"

Akageuka. Akaniona. Akaona sahani. Akaona paja. Akaangalia tumbo langu, akarudi kwenye paja.

Hata wale wa kwenye televisheni naona waliacha kucheza.

"Shikamoo, mama," nikasema. (Tulishaamkiana asubuhi. Mdomo ulitoa kilichokuwa karibu.)

"Marahaba, baba. Tumbo limepona?"

"Limepata... limepata nafuu kidogo."

"Nashukuru Mungu. Nimesali rozari nzima."

Mzee wa Laela akaacha kucheka. Akaniangalia, akamwangalia. "Mama, unamfahamu huyu?"

"Ni mkwe wangu," mama akasema. "Amemwoa binti yangu mkubwa."

Pale ndipo chumba kilipolipuka. Watu walicheka wakashika meza. Mhudumu mwenye tai alitoka nje, nikamsikia anachekea kwenye ngazi. Mama peke yake hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaweka kikombe mezani, akaondoa kisosi.

"Kunywa kwanza huu. Kuku atakupiga tumbo."

Nikanywa. Wa moto. Nikanywa wote, yeye ananiangalia, boti nzima inaniangalia. Halafu akasogeza ile sahani. "Sasa malizia na viazi, baba, visitupwe. Nimevimenya mwenyewe."

Nikala viazi. Vyote. Mlima wote. Mzee wa Laela alivyoona hivyo akavionja vya kwake, akaomba na vingine. (Msaliti.)

Baadaye nahodha alipanda kumshukuru. Kumbe huko parokiani kwao, kila msiba na kila harusi sufuria kubwa ni ya mama, na alipowasikia wahudumu wanalia mpishi kaachwa, alisimama tu akaomba kisu. Nahodha akataka kumpa chochote, akakataa. Basi akampa kiti cha dirishani kule kule juu, na soda, mpaka Kigoma. Mimi nikanyanyuka nimpishe njia.

"Mkwe wangu naye tumtafutie kiti?" nahodha akauliza, maana na yeye alishaanza kuniita hivyo.

Mama akafikiri. "Yeye aende chini na mizigo," akasema. "Tumbo lake linataka hewa."

Nikashuka. Benchi, injini, jogoo. Habari ilishafika chini kabla yangu. Yule mwenye jogoo aliniuliza kwa upole mwingi kama marehemu tulikuwa na undugu naye.

Tulifika jua limeshaanza kushuka. Nikabeba gunia, nikabeba ndoo, nikabeba mablanketi. Picha alibeba mama mwenyewe. Tukatembea kutoka gatini, mimi nikitunga maneno ya kuomba msamaha, kila nikiyapanga yanaanguka. Mwisho nikasema tu:

"Mama, nimekukosea. Nilidanganya. Nilitaka kukaa mahali pazuri, basi. Na nikaona haya kukuambia."

Akatembea hatua kadhaa. "Ungesema, baba. Mimi pia ile injini ilinichosha. Tungepanda wote."

Nikaliweka gunia vizuri begani. Nyinyi mngesema nini?

Halafu akasimama katikati ya njia. "Na vile viazi. Kweli vilikuwa vya msibani?"

"Hapana, mama, vilikuwa vizuri sana..."

"Usinidanganye mara mbili siku moja."

Nikatua gunia chini. "Vilikuwa vya msibani, mama."

Akacheka. Nawaambia alicheka! Alicheka mpaka akanipa ile picha nimshikie, akajifuta macho na kanga. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kuyaona meno yake yote. Akasema yeye hajawahi kuona chipsi zinavyopikwa, alidhani ni jina tu la mjini la viazi, na yule mhudumu alikuwa na haraka, hakumwelekeza.

Kwa hiyo mliokuwa mnabishana kuhusu chumba cha juu: kiti kina mgongo, kuku ni mzuri, ila nendeni na mama zenu. Mke wangu bado hajasikia chochote, na mama amesema atamsimulia mwenyewe, kwa mpangilio wake. Narudi Sumbawanga Jumatano. Mwenye kucheka amalize Jumanne.