Bima ya Ng'ambo

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimepata! Nimepata! Leo nilikuwa napanga herufi za chapa kiwandani, River Road. Mzee Shantilal, baba wa tajiri wangu Indravadan, akaja kulalamika. Amestaafu reli, anarudi Rajkot kwa meli. Akiugua huko, nani atamtibu? Nikaruka kitini. Bima! Mtu ananilipa hapa, akiugua ng'ambo namtibu mimi. Na atanidai vipi akiwa Rajkot? Aje kwa kuogelea? Nimecheka peke yangu mpaka Indravadan akaniuliza kama nina malaria.

Jumatano, 6 Machi

Kadi tayari! Wino wa buluu. Nimezichapa tajiri alipokwenda kula. “Mwanachama akiugua ng'ambo, mtoa bima atamtibu na kumhudumia mwenyewe mpaka apone.” Hilo “mwenyewe” nimelitia kwa madaha tu. Chini yake: Shem, Mkurugenzi. Sasa Mzee Were aseme tena kwamba hampi binti yake Nanjala mtu asiye na cheo!

Mzee Shantilal amekataa. Aliigeuza kadi, akauliza daktari wa Rajkot anaitwa nani. Nikamjibu tunamtafuta. Akanirudishia. Potelea mbali.

Jumamosi, 9 Machi

Mteja wa kwanza, na ni nani? Mzee Were mwenyewe! Mpishi mstaafu, anakaa Dagoretti, hajafika hata Mombasa. Ng'ambo ataendea nini? Fedha ya bure! Nanjala aliniuliza kama naelewa nilichoandika. Nikamwambia Mkurugenzi haulizwi maswali.

Kivuva alikuwepo. Fundi baiskeli, naye anamtaka Nanjala. Ana nini huyo? Pampu na grisi. Aliisoma kadi mara mbili, akacheka. Wivu tu.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwisha! Kivuva alimpakia Mzee kwenye baiskeli baada ya kanisa, akamvusha mto mpaka kichinjioni, akamnunulia matumbo. Mzee hakubakisha kitu. Tumbo likamshika hukohuko, nikaitwa. Nikamkuta amelala chini, kadi mkononi. Akasema ameugulia ng'ambo.

Nikasema ng'ambo ni Ulaya! Ni Bara Hindi! Akaniuliza upande wa pili wa mto huitwaje kwa Kiswahili. Huitwa ng'ambo. Nanjala akaisoma kadi kwa sauti, polepole, na kwenye “mwenyewe” akarudia. Kivuva akajitolea kunishikia koti nimbebe mgonjwa mgongoni. Mshenzi yule!

Alhamisi, 14 Machi

Mshahara wote kwa daktari. Nafua shuka. Napika uji, Mzee anaurudisha, eti una madonge. Mtu aliyewapikia Wazungu miaka yote hiyo hana huruma na uji wa mwenzake. Kila nikimwuliza kama amepona, anashika tumbo. Indravadan ametuma neno: nisiporudi Jumatatu, kazi anapewa mwingine.

Lakini jana Nanjala aliniletea chai pale kwenye karai la nguo. Akakaa. Akasema Kivuva hajaja hata kumjulia hali Mzee. Jamani, nampenda yule msichana! Nimefua shuka safi tena.

Jumapili, 17 Machi

Mzee amepona! Ameniita mbele ya Nanjala, akasema mtu aliyemfulia shuka zile bila kununa anafaa kuwa mkwe. Sharti moja tu: niache bima, nishike kazi ya chapa. Nanjala akaniuliza kama naapa. Nikaapa, mkono juu ya Biblia yake, na machozi yakanitoka. Nina furaha, sijui niiweke wapi!

Sasa nipo chumbani, na nimeliona kosa. Kumbe ni neno tu! Ningeandika “ng'ambo ya bahari,” nisingefua hata leso. Na nikifikiri vizuri, kiapo kile nilikila Nairobi. Mombasa hakihusu.

Binamu yangu yuko bandarini huko. Anasema wastaafu wamejaa Likoni, wazee watulivu, hawasafiri popote. Asubuhi wanapanda kivuko kwenda mjini, jioni wanapanda kivuko kurudi, basi. Wateja wa dhahabu! Kesho nikirudi kazini nachapa kadi mpya, tajiri akienda kula. Lile “mwenyewe” nitaliacha. Linapendeza.