Mkwaruzo wa Kioo cha Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4
Baba mkwe kasafiri. Gari kaniachia mimi! Mimi, si mwanyumba wangu yule aliyeoa dada wa mke wangu, anayepanga hata soksi kwa rangi. Mzee kachoka kuendesha. Akirudi Jumamosi atamkabidhi mkwe mmoja gari lake moja kwa moja. Nani tena kama si mimi?

Saa nne ndege kaacha uchafu wake kwenye kioo cha mbele. Nikawasha wipa, kavu kavu. Kumbe raba ilishakwisha, kimebaki chuma. Krrrr! Sasa kuna mstari umepinda kama mundu, mbele ya macho ya dereva. Mke wangu akasema nimpigie baba yake simu nikiri. Nikiri! Huyu mwanamke hana mbinu kabisa.

Jumanne, tarehe 5
Dawa ya meno. Kila mtu anajua inaondoa mikwaruzo. Nimesugua tangu chai hadi chakula cha mchana, tyubu nzima. Mkwaruzo upo pale pale, ila sasa unanukia. Mke wangu kapiga mswaki kwa chumvi.

Jumatano, tarehe 6
Kwa fundi wa vioo. Kapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Akasema ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, dawa yake kioo kipya. Usiponasa, unang'arishwa kwa unga maalumu na maji, taratibu. Akaniambia nijaribu mwenyewe. Ukanasa.

Nikarudi nyumbani, nikakata kucha zote hadi karibu na nyama. Nikajaribu tena. Haukunasa! Mafundi wa siku hizi wanatafuta wateja tu.

Alhamisi, tarehe 7
Unga nimepata. Drili ya kuzungusha sponji ya kung'arishia nimeazima kwa mwanyumba, nikamwambia natundika picha. Akauliza picha ya nani. Nikasema ya baba mkwe. Akanuna, wivu huo!

Fundi alisema niloweshe kila mara na nisikae sehemu moja. Mimi nina haraka. Nikakandamiza pale pale, bila maji, kioo kikapata moto hadi nikaogopa. Lakini mkwaruzo umetoka! Nimerukaruka uani peke yangu.

Ijumaa, tarehe 8
Nimekaa kwenye usukani. Kioo kimebonyea pale niliposugua. Jogoo wa jirani anaonekana majogoo mawili, na jirani mwenyewe kanenepa ghafla. Nikifumba jicho moja, afadhali kidogo.

Jumamosi, tarehe 9
Mzee karudi. Kaingia garini, katazama mbele, kavua miwani, kaifuta, kavaa, kavua tena. Akauliza kama jirani amefuga jogoo wa pili. Hapo likanijia wazo bora la wiki nzima! Nikamwambia pole baba, jogoo ni yule yule mmoja, tatizo ni macho, umri huo.

Maskini, mabega yakamshuka. Akasema basi hata sura za wajukuu hataziona vizuri. Niliona aibu, kweli niliona aibu, lakini tayari alikuwa ananinyooshea funguo! Nikanyoosha mkono. Mke wangu akachungulia garini, akasema mbona na yeye anaona majogoo mawili, na macho yake ni mazima.

Mzee akashuka, akakipapasa kioo. Akasema mkwaruzo angenisamehe, kioo ni kioo tu. Lakini nimempofusha mzee wa watu mchana kweupe! Funguo akampa binti yake. Mwanyumba naye alikuja kudai drili, akaondoka na drili tu. Hilo limenifariji.

Jumatatu, tarehe 11
Kioo kipya kimewekwa. Mke wangu anaendesha, dada yake kakaa mbele, mimi na mwanyumba nyuma, magoti kidevuni. Kioo cha nyuma kina madoa ya maji yaliyokauka. Mwanyumba anasema yanatoka kwa siki.

Siki hatuna. Lakini maji ya betri yapo stoo, dumu zima, na ukali si ule ule? Nikiyatoa madoa haya leo, kesho naendesha mimi!