Jogoo wa Kumwombea Odeta Udaktari

Jumapili, 3 Agosti

Leo baada ya misa nimetangaza. Nje pale kwenye ngazi, kwaya nzima ikisikia: Odeta wangu anamaliza shahada ya baiolojia na sasa anaomba kusomea udaktari. Wa binadamu! Wa kupasua! Wamepiga vigelegele wote, isipokuwa Bernadeta. Yeye amesema tungoje kwanza achaguliwe. Wivu huo. Bernadeta ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya anapojitolea Odeta likizo hii, lakini kwenye kwaya mkuu ni mimi. Ijumaa ya tarehe kumi na tano, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ubeti wa mtu mmoja naimba mimi. Yeye amewekwa nyuma na sauti ya pili.

Jioni nikamuuliza Odeta maombi yamefikia wapi. Akasema alama zipo, kujitolea kupo. Chuo kinataka watu wawili wa kumshuhudia, wasiwe ndugu, wajaze sifa zake kwenye mtandao kabla Ijumaa hiyohiyo haijaisha. Mwalimu wake ameshajaza. Amebaki mtu wa kituoni, na Dokta Muganyizi ameahidi. Asipopatikana mtu, maombi yanatupwa, hadi mwakani. Kisha akanishika mikono yote miwili akasema, mama, nakuomba, usifanye chochote.

Nisifanye chochote! Mtoto anaongea kama hajui kazaliwa na nani.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshona koti jeupe. Mimi ni fundi wa sare, nusu ya watoto wa Igoma wamevaa mkono wangu. Mifuko minne, mkanda nyuma, na kifuani kwa uzi mwekundu: DK. ODETA. Nikalitundika mlangoni, wapita njia waone.

Odeta alipoliona alikaa chini. Akasema hajachaguliwa bado, kulivaa ni kuwadanganya wagonjwa. Nikamwambia sawa mwanangu, nimekuelewa.

Nimelikunja vizuri nikalitia kwenye begi lake, chini ya chakula cha mchana.

Jumatano, 6 Agosti

Koti limerudi. Limeletwa na Bernadeta mwenyewe, kibandani kwangu, mbele ya wateja. Kasema wodini kwake binti yangu ni wa kujitolea: anapiga deki, anabeba mabeseni, anapima joto. Hayo maandishi mekundu nikayashone kwenye foronya, huenda wagonjwa wakalala vizuri. Nikamwambia mwanangu hakuzaliwa kupiga deki. Akajibu hakuna aliyezaliwa kupiga deki, ndiyo maana wanapokezana.

Wateja wakacheka. Wateja wangu mimi!

Nimewaza mchana kutwa hadi nikashona suruali miguu yote upande mmoja. Huyu mwanamke ataniharibia. Atamnong'oneza Dokta, Dokta atasita. Ahadi ya mdomo haitoshi. Lazima iwekewe nguzo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane! Nimekwenda kwenye maonesho ya wakulima Nyamhongolo nikanunua jogoo. Mwekundu, kifua mbele, anatembea kama diwani. Niliona kabisa kwamba huyu ana sura ya kuombea jambo kubwa.

Mpango ni huu. Kwetu mwenye shida haendi mwenyewe kubwabwaja mlangoni kwa watu. Anatuma msemaji, haendi mikono mitupu, na anapitia kwa mama wa mhusika. Na Mungu si mchoyo: mama yake Dokta, Mama Leonsia, amekuja kutoka Muleba kumsalimia mwanawe. Msemaji ninaye, kaka yangu Ngosha. Ukoo mzima, ni yeye aliyekwenda kutuombea wake. Hajawahi kukataliwa. Mara moja tu, na yule binti alikuwa ameshaolewa.

Odeta hajui. Yupo kituoni anapiga deki.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda! Baba Odeta amekataa kuongozana nasi, eti baiskeli ina pancha. Nimeiminya, haina.

Mama Leonsia katupokea vizuri mno. Shikamoo zikatoka, marahaba zikarudi, tukakalishwa kwenye makochi yenye vitambaa. Ngosha akasimama na koti lake la shughuli. Jamani, kaka yangu anajua kuongea! Akasema tumetembea tumechoka, tumeona katika nyumba hii kuna mti wenye kivuli, na sisi tuna mtoto wetu anahitaji kivuli hicho. Udaktari hakuutaja hata mara moja. Nikamkanyaga mguu. Akaninong'oneza kwamba siku ya kwanza jambo halitajwi, hiyo ndiyo heshima.

Mama Leonsia akaweka mkono kifuani. Akauliza kwa adabu ya kwao, waitu, mtoto mwenyewe ni yule mrefu wa pale kituoni? Ndiye. Ana umri gani? Nikamtajia. Ukoo una maradhi yoyote? Hauna, labda mimi na magoti. Anajua kupika ndizi? Nikasema anapika hadi zinakuita jina. Maswali ya kina! Nikajua kweli wasomi hawampi mtu neno lao hivihivi.

Kisha akacheka sana. Akasema kwao Kagera upande wa mwanaume ndio hutembea, ila Wasukuma hatuna subira, na yeye mwenyewe amesubiri miaka mingi. Sikuelewa vizuri, nikacheka naye. Akampokea jogoo. Akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, na senene, panzi wao wa kukaanga. Kwao ukitafuna kahawa za mtu, jambo limeshikana. Nikatafuna. Ngosha akatafuna kwa niaba ya ukoo.

Limeshikana! Bernadeta apige deki sasa.

Jumapili, 10 Agosti

Misa imeisha vibaya. Mama Leonsia kanikumbatia mbele ya kwaya, kaniita mkwe. Nikadhani ni ukarimu wa kwao. Akauliza Odeta atapenda sherehe ifanyike hapa Mwanza au kwao Muleba, maana shangazi zake Dokta wote ameshawapigia simu na mmoja ameshaanza kutafuta vitenge.

Nikamtazama Ngosha. Ngosha akatazama kanisa.

Bernadeta alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikohoa tu, sauti ya pili.

Jumatatu, 11 Agosti

Odeta amerudi mapema. Hakupiga kelele, heri angepiga. Amesema Dokta amemwita ofisini, amemwonesha kwenye kompyuta. Alikuwa ameanza kumshuhudia, na sifa zilikuwa nzuri. Mwisho kuna swali: je, una undugu au uhusiano wa ndoa na mwombaji? Dokta amesema hawezi kujibu hapana wakati mama yake amekaa kwenye foleni ya wagonjwa anatangaza harusi. Wakubwa wa chuo wakisikia, wote wawili wataonekana waongo. Amejitoa. Amesikitika, lakini amejitoa.

Mwanangu akaniambia amebeba mabeseni likizo nzima ili mtu aseme neno moja tu kuhusu kazi yake, na sasa neno hilo limeuzwa kwa jogoo.

Nikasema jogoo hakuuzwa, alitolewa. Akaenda kulala bila kula.

Baba Odeta ameondoka na ile baiskeli yenye pancha. Amekwenda kwa Mama Leonsia, akasema kwa maneno machache kwamba hakuna posa, kulikuwa na ombi la kazi lililopotea njia. Mama Leonsia amelia kidogo, kisha amecheka, kisha amemuuliza kama Odeta kweli hataki. Jogoo harudi. Wameshamla.

Jumanne, 12 Agosti

Odeta amesema amebakiwa na mtu mmoja tu anayeifahamu kazi yake kuliko Dokta. Anakwenda kumwomba leo, mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kuku.

Bernadeta.

Nimekaa chini mimi nikashindwa hata kutia uzi kwenye sindano. Bernadeta! Niliyemwambia mbele ya wateja kwamba deki si kazi ya mwanangu! Odeta kaniapisha nisimtume Ngosha. Nimeapa. Kaniapisha na mimi mwenyewe nisiende. Hapo nilichelewa kidogo, lakini nimeapa.

Amerudi jioni. Bernadeta amemjibu tu kwamba amesikia. Amesikia! Hilo ndilo jibu? Ningekuwa mimi ningesema ndiyo au ningesema thubutu.

Jumatano, 13 Agosti

Sijamtuma mtu. Sijaenda. Nimeapa, naheshimu. Lakini hakuna aliyeniapisha kuhusu sauti yangu.

Jioni kwenye mazoezi ya kwaya nimeinuka kuimba ubeti wangu, nikafungua mdomo, nikatoa mkwaruzo. Nikashika koo. Nikamwashiria mwalimu wa kwaya: haitoki, apewe Bernadeta. Moyo ulikuwa unanitoka. Nimeungoja ubeti ule tangu Pasaka! Lakini mtu akipewa ubeti wa Kupalizwa, atakataa vipi kumshuhudia mtoto wa watu?

Bernadeta akaimba. Vizuri, nikubali. Si kama mimi.

Kisha akaja na kurunzi ya simu, akaniambia nipanue mdomo, mbele ya watu wote. Akaangalia kooni muda mrefu mno. Akasema hali ni mbaya: siku tatu nisitoe neno, hata la kunong'ona, la sivyo sauti haitarudi kamwe. Akamwita Baba Odeta akamkabidhi agizo. Baba Odeta alilipokea kama mtu aliyepewa shamba.

Alhamisi, 14 Agosti

Kimya. Wateja wanaeleza vipimo, mimi naitikia kwa kichwa. Mmoja kasema leo nashona vizuri.

Mama Leonsia kapita kunipa pole. Kaongea peke yake asubuhi yote. Mwanamke yule ana maneno! Bado ananiita mkwe. Sikuweza kumkatalia, nimekatazwa kuongea.

Odeta hajasikia lolote. Kila simu ikilia tunaruka wote. Maombi yanafungwa kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu. Bernadeta kaimba ubeti wangu, kanisa limeitika. Nimekaa safu ya mbele na kitambaa shingoni kama mgonjwa.

Nje kaja kwangu, kaangalia huku na huku, kasema polepole kwamba koo langu ni zima kabisa, aliliona tangu Jumatano. Na kwamba yeye ushuhuda wa Odeta aliujaza Jumanne ileile, binti alipogeuka tu mlangoni. Nikasahau agizo. Nikapiga yowe. Jumanne! Sasa ubeti wangu nimeutoa kwa sababu gani? Akasema hajui, lakini anashukuru sana, na siku tatu bado hazijaisha.

Odeta amenisomea alichoandika. Kwamba binti huyu hufika kabla ya mlango kufunguliwa. Kwamba mzee mmoja aliyekuwa akikataa dawa alizinywa kwa sababu Odeta alikaa akamsikiliza habari za ng'ombe wake hadi mwisho. Na kwamba ametoka kwenye familia yenye kelele nyingi, lakini mwenyewe anajua kunyamaza.

Nimelia. Familia yenye kelele! Maana yake hata chuoni sasa tunajulikana.

Jumamosi, 20 Septemba

AMECHAGULIWA! Ujumbe umeingia kwenye simu yake tukiwa mezani. Odeta kausoma kimya, kampa baba yake, baba yake kausoma kimya, kisha akatoka nje kuangalia baiskeli. Alikuwa anafuta macho. Mimi nimepiga vigelegele hadi jirani akaja na ndoo ya maji, akidhani moto.

Bernadeta kaja na soda. Kamwambia Odeta koti sasa ni halali, ila lile neno Dk. lifumuliwe hadi amalize. Nimelifumua kwa mkono wangu. Uzi nimeutunza.

Odeta kanishika tena mikono yote miwili. Mama, tafadhali, huko chuoni usifanye chochote. Nimemwambia mwanangu, mimi nimejifunza. Nimemwangalia machoni kabisa.

Ni kwamba tu mkwe wangu Leonsia ameniambia bwenini vitanda ni vya ghorofa, na Odeta tangu utotoni akilala juu anaanguka. Na katika mazungumzo, bila nia yoyote, imetokea kwamba mkuu wa chuo hicho mama yake mzazi yupo hai, anakaa Sengerema ng'ambo ya ziwa, na anapenda sana kuku.

Tunavuka Jumatatu, kivuko cha kwanza. Jogoo nimeshampata, mweupe, wa kisomi. Ngosha anapiga pasi koti lake. Safari hii nimemwambia waziwazi: aseme kitanda. Aseme cha chini. Asitaje mti wala kivuli.

Amekubali. Amesema atalitaja jambo lenyewe bila kuzunguka.

Ila si siku ya kwanza.