Vita vya Isakwisa na Vidato Vitatu

Sogeeni, enyi watu wa Rungwe na wa Mbeya, nanyi mliofika kutoka Tosamaganga. Mwenye ngazi mbovu kwake akae mbele kabisa, nimsimulie jinsi Isakwisa mwana wa Sedekia, simba wa mashamba ya kahawa, mshika nyundo asiyefundishwa na mtu, alivyovikabili vidato vitatu vya kibaraza chake mwaka wa hamsini na nne, akavishinda, naye akakanyagwa.

Vidato vile vilikuwa vimeoza kwa mvua, hata siku moja mguu wa Mzee Sedekia ukazama katika cha pili mpaka gotini. Mzee akauchomoa, akapangusa suruali, akanena: "Sikanyagi hapa tena, hata kumbariki mjukuu, mpaka niwekewe ngazi ya watu." Mtoto Anyitike alikuwa na miezi minne na mkono wa babu haujagusa kichwa chake. Jambo hilo lilimuuma Isakwisa kuliko alivyokubali kusema.

Fundi seremala akajitolea kusaidia. Isakwisa akasimama, nyundo begani, akamhutubia: "Fundi, rudi kwako kwa amani. Aliyezaliwa na mzee ndiye atakayempandisha mzee."

Jumamosi asubuhi shujaa akaingia vitani. Akang'oa, akakata, kisha akapima. Misumari minane ilipinda ikafia majanini. Kidole gumba kilijeruhiwa, lakini hakikurudi nyuma. Adhuhuri mbao zikaisha, kidato kimoja kikabaki. Ndipo jicho la jemadari likatua kwenye ngazi za mlango wa nyuma, mbao ngumu, nzima, zisizo na kazi yoyote aliyoikumbuka. Akazibomoa.

Kumbe hizo ndizo zilizokuwa njia ya Ikupa, mkewe. Kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee akiingia mbele, yeye hutokea nyuma. Na nyumba ile ilijengwa mteremkoni, mlango wa nyuma ukining'inia usawa wa kifua cha mtu.

Mzee alitarajiwa Jumapili. Hamu ya mjukuu ikamleta siku hiyo hiyo, na fimbo yake ikasikika njiani.

"Baba Anyitike," Ikupa akaita kutoka mlango wa nyuma, "mtoto nimemlaza kitandani. Babako huyo anakuja. Mimi nipite wapi?"

Isakwisa akalitazama lile pengo, akaona haya mpaka masikioni. Kisha akatenda ambalo hakuna jemadari aliyepata kulitenda: akapiga magoti topeni, akainamisha mgongo, akawa kidato.

"Umekaza?"

"Nimekaza. Shuka taratibu, mama."

Wakati huo huo, mbele, Mzee Sedekia alipanda cha kwanza, akakigonga cha pili kwa fimbo, akakipanda, akafika cha tatu. Hakuna kilicholia ila mgongo wa Isakwisa.

"Mwenyeji yuko wapi?" mzee akauliza.

"Nipo, tata," sauti ikajibu toka nyuma ya nyumba. "Nashikilia."

Akazunguka mbio, akaingia, akamtoa mtoto. Mzee akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa maneno marefu, na Isakwisa akageuka kufuta machozi. Hapo mzee akaziona nyayo mbili za vumbi juu ya shati jeupe.

"Mkamwana wangu sijapata kumwona uso," akasema, "ila leo nimeiona miguu yake. Ndaga, ahsante kwake. Jumatatu mrudishie ngazi zake. Kesho ni siku ya Bwana, usipige nyundo. Lakini baada ya ibada nitakuja tena."

Na iandikwe, isomwe hata Igowole, kwamba Jumapili ile nyumba ya Isakwisa ilikuwa na vidato vinne: vitatu vya mbao, na cha nne kilichotoka kanisani mapema kwenda kubadilisha shati.