Kibali cha Kubandua Rangi Iliyokwisha Kubanduka

Idara ya Kuta za Nje inayo furaha kuutangazia umma kwamba hakuna rangi inayobanduka. Kuna rangi chache tu ambazo zimeamua kujitenga na kuta kwa hiari yao, na suala hilo linashughulikiwa.

Nasema haya kama Katibu Msaidizi, mtu niliyeitetea kwa miaka tisa sera yetu kuu: ukuta haubanduliwi, ukuta huongezewa. Rangi ile nzito ya chengachenga kama mchanga ikivimba, unapaka nyingine juu yake, mambo yanakwisha. Jengo letu lenyewe ni mfano hai. Kila mkurugenzi mpya hulipaka mkono wake, yaani tabaka lake la rangi, na sasa tumefikisha mikono kumi na moja. Madirisha yamebaki madogo kidogo, lakini heshima ipo.

Jumatatu alikuja shangazi yangu, mkunga mstaafu, pamoja na fundi wake wanayemwita Msasa. Akanibwagia mezani kipande cha rangi kikubwa kama sinia.

"Hiki kimedondoka nilipofunga dirisha tu. Nyuma yake maji yanatiririka. Nataka kubandua yote, ukuta ukauke kabla ya mvua."

"Mteja, una kibali cha kubandua?"

"Mteja? Mimi niliyekuogesha?"

Msasa akaingilia kwa upole. "Bosi, maji yanaingia kwenye ufa, halafu rangi hii haiyaachii yatoke. Mvua ikiukuta hivi, ukuta wa chumba anacholala mama unakuja chini."

Nilimsikiliza kwa makini, kisha nikamjulisha kwamba maelezo yake hayana kumbukumbu namba. Kibali huchukua siku ishirini na moja za kazi, baada ya Kamati kujiridhisha kwamba rangi ni rangi.

"Mvua ni wiki ijayo!" shangazi alisema.

"Mvua nayo ingeleta taarifa mapema."

Mkurugenzi alichungulia kutoka ofisini kwake, ambayo mlango wake uko hapo barazani tulipokuwa. "Mwambie mama apake mkono mwingine," akasema, akarudi ndani na kuubamiza mlango kwa nguvu zote za cheo chake.

Ukuta ukaguna. Mikono yote kumi na moja ikashuka kwa pamoja, kipande kimoja kizima, ikaegemea mlango. Na mlango ule hufungukia nje, kwa sababu za usalama.

"Bandueni!" Mkurugenzi alipiga kelele kwenye nondo za dirisha.

Walinzi walikuja na sepetu. Niliwazuia. Najivunia jambo hilo mpaka leo. "Mheshimiwa, kibali?"

"Nakupa mimi!"

"Kwa mdomo haikubaliki. Halafu wewe ndiye mwombaji na wewe ndiye mwidhinishaji. Waraka wako mwenyewe unakataza."

Shangazi akasogea dirishani na fomu yake ya kuomba kibali. "Baba, fundi aliye na kibali anabandua saa hii hii. Weka sahihi hapa."

Mkurugenzi alisaini bila kusoma, kama kawaida yake, akagonga na mhuri. Msasa akashika chuma chake cha kukwangulia, akaisoma fomu taratibu, akakirudisha chuma mfukoni.

"Hapa pameandikwa nyumba ya mama, bosi. Jengo hili halimo."

"Msasa, nitoe! Nakuamuru!"

"Nikigusa bila kibali mtanifungia kazi, mzee. Nina watoto."

"Twende, mwanangu," shangazi alisema. "Wingu hilo linakusanyika."

Naomba kuripoti kwamba ukuta wa shangazi umebanduliwa wote, ufa umezibwa, umekauka vizuri. Ombi la Mkurugenzi limepokelewa na litajadiliwa Kamati itakapopata mwenyekiti, ambaye ni yeye. Afya yake ni nzuri. Chai tunampitishia kwenye nondo.

Jana mchana mvua ilinyesha kweli kweli. Shangazi alijilaza, akasinzia fofofo, mgongo ukiwa umeegemea ukuta ule ule. Maji yalipoanza kuingia ofisini, Mkurugenzi alisogeza meza katikati ya chumba, akapanda juu yake, akaomba ndoo.

Nimempelekea fomu.