Bugaluu Langu na Mmea Unaokula Nzi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya Kidato cha Pili kizima.

Usiku sikulala. Wiki iliyopita niliwaambia darasani kwamba kuna mimea inayokula wadudu. Butoyi, kinara wao wa ubishi, akauliza kama huko chuo kikuu nilisoma pia habari za migomba inayofuga kuku. Tangu siku hiyo, kila nikifundisha wananitazama kama muuza dawa wa mnadani. Sasa jana, bonde la Heru Juu, nikauona mmea wenyewe! Mdogo, mwekundu, majani yamejaa vinywele vyenye matone yanayonata. Nikarukaruka peke yangu. Kisha shaka ikaingia. Je, kama ni umande tu? (Mimi ni mtu wa kukesha nikiwaza kama niliitikia salamu vizuri.)

Leo nikawapeleka. Nilivaa suruali mpya, bugaluu, nionekane msomi. Nikapiga magoti, nikamweka nzi juu ya jani. Tukasubiri, jasho likinitoka. Halafu vinywele vikaanza kuinama, kimoja kimoja, vikimkumbatia. Ni kweli! Nikasimama kwa furaha, nikapiga hatua moja pembeni.

Tope likanimeza mpaka mapajani.

Wote wakauacha mmea, wakanikimbilia. Nikawakataza: nzi kwanza, mwalimu baadaye. Wakarudi, wakainama. Butoyi alitazama muda mrefu.

"Unamla kweli, Mwalimu," akasema.

Nilitaka kulia kwa raha, huku nikizidi kuzama. Ndipo wakanivuta. Mimi nikatoka. Bugaluu, miguu yake mipana imejaa tope, likabaki. (Shati lilikuwa refu. Halikutosha.)

Mama Bukuru, aliyekuwa akipalilia maharage pembeni, akanirushia kitenge huku amegeuza uso.

"Jifunge, mwanangu. Kumbe bonde letu linakula na walimu."

Hapo hata wasichana wa mstari wa mbele, wale wapole, walikaa chini kwa kucheka.

Nikaanza kuwaza. Nikajifiche nyumbani? Niombe uhamisho kwenda Kibondo? Na huko je, habari haitanitangulia? Lakini kipindi kilikuwa hakijaisha, na kwa mara ya kwanza walikuwa wananiuliza maswali kwa kutaka kujua. Nikakaza fundo la kitenge, tukarudi darasani, nikauchora ule mmea ubaoni kuanzia mizizi hadi vinywele. Butoyi alinakili bila kubisha.

Mkicheka, chekeni taratibu. Kitenge bado nimekivaa.